Chi, Mkono na Mita

Anayesimama katika stesheni ya Ruiru akaitazama reli iendayo Thika, reli iliyoufikia mji ule mwaka 1913 kwa ajili ya mazao ya masetla, huwa anaitazama, pasipo kujua, mita moja kamili iliyolazwa chini. Kwa maana kutoka ukingo wa ndani wa chuma kimoja hadi ukingo wa ndani wa chuma cha pili ni milimita 1,000, si pungufu wala si zaidi. Jambo hili lina ajabu yake, maadam walioilaza ni Waingereza, ambao katika zama hizo hawakuijua mita sokoni wala mashambani, lakini waliurithi upana huo kutoka Bara Hindi, ambako katika miaka ya 1870 serikali yao ilikuwa imenuia kuingiza vipimo vya Kifaransa, ikajenga baadhi ya reli zake kwa mita, kisha azma ile ikafifia na reli zikabaki. Na ajabu ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza: reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, hisabu isiyo na maana yoyote katika mita wala katika vipimo vya kale vya China, hata uigeuze kuwa futi 4 na inchi 8 na nusu, ndipo utambue kwamba huu ni upana wa magari ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Uingereza, aliouchukua George Stephenson akaueneza duniani. Basi Mwingereza wa inchi ametuachia reli ya mita, na Mchina wa mita ametuletea reli ya inchi, na abiria wa reli zote mbili hana habari.

Kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine hudhaniwa kuwa ni kazi ya kuzidisha na kugawanya tu, ambayo mwanafunzi wa darasa la sita akiifanya vizuri hupewa alama zake na mambo yakaisha. Mimi naona kuna jambo jingine ndani yake. Kila watu walioipokea mita walilazimika kuchagua moja katika mawili: ama kukinyosha kipimo chao cha kale hadi kiingie katika mita bila ya mabaki, ama kukiacha kama kilivyo na kuyabeba mabaki yake, zile sehemu za mia na za elfu zisizokwisha, katika kila hati, kila ukuta na kila shamba, kizazi baada ya kizazi. Wachina walichagua la kwanza. Sisi wa Thika na Ruiru tumeangukia la pili, tena kwa kipimo ambacho asili yake si yetu.

China ilikuwa na chi, ambayo Wazungu waliiita futi ya Kichina kwa kuwa ilikaribiana na futi yao. Mpango wake ni wa makumi: cun kumi hufanya chi moja, chi kumi hufanya zhang moja, na safari za mbali huhesabiwa kwa li. Mtu akiusikia mpango huo hudhani kwamba kuugeuza kuwa mita ni kazi ya dakika moja. Lakini chi yenyewe haikutulia. Vijiti vya kupimia vya zama za Shang vina urefu wa sentimita 16 au 17. Katika enzi ya Han chi ilikuwa imefika sentimita 23, katika enzi ya Tang takriban 30, na walipotawala Ming na Qing ilikuwa yapata 32. Kipimo kile kilikua kama mtoto, na wanahistoria wa China wana maelezo yake ambayo mimi huyapenda kwa kuwa hayamtii aibu mwanahisabu bali humtia aibu mtawala: raia alilipa kodi kwa majora ya nguo, na majora hupimwa kwa chi, hivyo mtoza kodi aliyekirefusha kijiti chake kwa upana wa ukucha alijipatia nguo zaidi bila ya kutangaza kodi mpya. Fauka ya hayo, seremala alikuwa na chi yake, mshona nguo ana yake, na mpima ardhi ana yake. Wazungu walipokuja kulazimisha mikataba ya biashara, ilibidi kuandikwa katika kanuni za ushuru za mwaka 1858 kwamba chi ya forodhani ni inchi 14.1 za Kiingereza, yaani karibu sentimita 36. Ikawa ni chi nyingine tena, juu ya zile zilizokuwapo.

Kwa hiyo anayeulizwa chi ni mita ngapi, naye akajibu upesi, hajalielewa swali. Hapana budi aulize kwanza: chi ya mwaka gani, na ya nani? Hili si suala la wanazuoni peke yao, na mfano wake unatugusa sisi pia. Baadhi ya maandishi ya enzi ya Ming yanasema kwamba merikebu kubwa za amiri Zheng He, ambaye safari zake zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye zama zake Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, zilikuwa na urefu wa zhang 44 na chi 4. Ukichukua chi ya leo, merikebu hiyo ni mita 148. Ukichukua chi ya sentimita 31, ni mita 138 hivi. Na wako wanaotaka chi fupi zaidi ya hiyo, maana mafundi wa vyombo wanatia shaka kama mbao zaweza kustahimili mawimbi kwa urefu wa namna ile. Mita kumi na zaidi za merikebu huzaliwa na kufa katika meza ya mwanahistoria, kwa kuamua tu ni kijiti gani kilichokuwa mkononi mwa mwandishi.

Vurugu hiyo ilikatwa kwa sheria iliyotolewa na serikali ya China mwaka 1929, ikaanza kutumika mwaka 1930. Sheria ile ilikuwa na werevu ambao hauzungumzwi inavyostahiki. Haikuifuta chi, wala haikumwambia mkulima wa Sichuan kwamba tangu leo atahesabu kwa sentimita. Ilitangaza kwamba lita moja ni sheng moja, kilo moja ni jin mbili, na mita moja ni chi tatu. Moja, mbili, tatu: hata asiyejua kusoma hulihifadhi. Chi ikanyooshwa kutoka sentimita 32 hadi 33 na theluthi. Zhang ikawa mita tatu na theluthi. Li, iliyokuwa mita 576 kwa hisabu ya Qing, ikakatwa hadi mita 500 barabara. Na mu, kipimo chao cha ardhi, kumi na tano zikatimiza hekta moja. Tangu hapo kugeuza ni kugawanya kwa tatu au kwa mbili, jambo ambalo mchuuzi hulifanya kichwani huku akifunga mzigo. Walimpa kila mtu kipimo kipya chenye jina alilolizoea, na tafauti ya sentimita moja na kitu katika chi akaimeza bila ya kelele nyingi.

Wana wa wana wa watu hao ndio waliokuja kutujengea barabara kuu ya Thika, iliyoanzwa mwaka 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, kazi ikiwa imegawanywa kwa kampuni tatu za Kichina: China Wu Yi, Shengli na Sinohydro. Ni barabara ya takriban kilomita 50, na Mchina mzee, kama yuko aliyependa kuhesabu kwa desturi ya nyumbani, angeiita li mia na asingekosea. Ingawa babu yake wa enzi ya Qing angehesabu 87 tu na kusema kwamba mjukuu amezidisha. Michoro yote ilikuwa ya mita. Lakini ukitoka katika lami ile hatua chache tu, kuingia Juja, Ruiru au Makongeni, umeingia katika nchi ya futi. Kenya iliiingiza mita mwishoni mwa miaka ya 1960, ikang'oa maili barabarani na ratili dukani, na Sheria ya Mizani na Vipimo iko, Sura ya 513. Ila ardhi na nyumba zilikaidi. Mawe ya kuchonga ya Ndarugo ni ya tisa kwa tisa, na mtu haulizi tisa nini. Mbao ni mbili kwa nne. Na kiwanja, kile ambacho mfanyakazi wa kiwandani huwekea akiba miaka mingi, ni hamsini kwa mia.

Hapa pana utajiri wa mambo, na naomba msomaji avumilie hisabu kidogo. Futi 50 kwa futi 100 ni futi za mraba 5,000, ambazo kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba 464 na nusu. Dalali wa Ruiru, akiwa amesimama juu ya udongo mwekundu uliokuwa shamba la kahawa miaka michache iliyopita, atakuambia kwamba kiwanja hicho ni thumuni ya eka. Thumuni ya eka, kwa hakika, ni mita za mraba 506. Hati inapotoka katika ofisi ya ardhi, aghalabu husomeka hekta 0.045, na kando yake neno la kusema kwamba ukubwa huo ni wa kukadiria. Maana mpima ardhi, ambaye vyombo vyake husema kwa mita, amezipunguza futi hamsini kuwa mita 15 na futi mia kuwa mita 30, akapata mita za mraba 450. Basi kiwanja ni kimoja, vigingi vinne, ua mmoja wa waya, nacho kina ukubwa wa namna tatu: 506 kinywani, 464 na nusu katika kamba, na 450 katika karatasi. Kutoka kinywani hadi kwenye karatasi zimepotea mita 56 za mraba. Hizo zilizopotea katika kuzungusha hesabu peke yake, zile kumi na nne na nusu, ni sawa na chumba cha futi 12 kwa 13, chumba ambacho katika mji wa nyumba za kupangisha kama Ruiru kinalipiwa kila mwisho wa mwezi.

Sisemi kwamba kuna aliyeiba. Mpima ardhi amefanya anachokifanya kila mtu mwenye kalamu anapokutana na sehemu zisizokwisha, na mnunuzi mwenye busara huhesabu kwa mita kabla ya kutoa fedha. Ninalosema ni kwamba mtoza kodi wa Kichina alihitaji kukirefusha kijiti ili apate nguo za bure, ilhali kwetu kijiti hakikuguswa na mtu. Pengo liko ndani ya tarjuma yenyewe kati ya futi na mita, na kila anayepita hapo hudondosha kitu.

Yuko jirani wa viwanja hivyo ambaye anatufundisha njia nyingine, naye ni mbuni. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru, ukitembea katika vitalu vya mibuni ya kale ya SL28 na SL34, ambayo herufi zake zinatokana na Maabara ya Scott, utaelezwa kwamba nafasi baina ya mti na mti ni mita 2.74 kila upande, na kwamba hekta moja hubeba miti 1,330. Hakuna mkulima aliyewahi kutamani mita mbili na sentimita sabini na nne. Ni futi tisa za setla, zilizovikwa nguo za mita pasipo kupunguzwa hata uzi, na mabwana shamba wamezikariri hivyo kwa miaka na miaka. Lakini watafiti wa kituo hicho hicho, walipokwisha kuzalisha mbuni mpya mfupi, wenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani, wakautoa kwa wakulima mwaka 1985 kwa jina la Ruiru 11, hawakuwa na futi yoyote ya kuiheshimu. Waliusia upandwe mita mbili kwa mita mbili, miti 2,500 katika hekta. Namba ile imetulia kwa kuwa mti ule ulizaliwa ndani ya mita. Shamba lenye mibuni ya aina zote mbili, nayo yapo mengi kuelekea Gatundu na Gatanga, huweza kusomwa kama daftari: mistari mipana ni ya futi, mistari iliyobanana ni ya mita, na mchumaji anayepita katikati na kikapu chake huvuka mpaka wa dola mbili za vipimo bila ya kuonyesha pasi.

Fundi wa nyumba hana bahati hiyo. Yeye huzaliwa katika futi asubuhi na kufa katika sentimita jioni ya siku ile ile. Chumba amekipandisha kwa mawe ya inchi tisa, kikatoka futi kumi na mbili kila upande kama alivyoagizwa. Kisha mwenye nyumba analeta vigae, na vigae, vitoke China au viwandani hapa nchini, ni vya sentimita 60 kwa 60. "Mama," humwambia, akiwa amechutama na kamba ya chuma mkononi, "hapa sita zinaingia, halafu panabaki kidole." Nacho hicho kidole ni kweli tupu: futi 12 ni sentimita 365.76, vigae sita ni 360, na kando ya ukuta hubaki ufito wa sentimita tano na kitu, tena ukitoa nafasi za saruji baina ya vigae ni nne tu, ambao ukiukata huvunjika na usipoukata huonekana. Fundi hodari hajadiliani na ufito ule. Hutafuta katikati ya chumba, akaanza hapo na vigae vitano vizima, na kila upande akamalizia kwa kigae kilichokatwa, kipana cha sentimita thelathini na mbili hivi, kana kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Nimewaona wahandisi wenye shahada wasioyajua hayo.

Kamba yenyewe ina kisa chake. Zile za chuma zinazojikunja ndani ya kibweta, ambazo huuzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Ruiru hadi Thika, huwa na inchi ukingo wa juu na sentimita ukingo wa chini; lakini mara mojamoja huingia katika shehena kamba isiyokusudiwa kwetu, yenye mistari miwili mingine ya maandishi ya Kichina, mekundu na meusi. Hiyo ni kamba ya Lu Ban, mlezi wa maseremala wa China, na kijiti chake cha sentimita 42.9 kimegawanywa sehemu nane: nyekundu ni za heri na nyeusi ni za nuhusi, ili fundi ampimie mtu mlango wenye kuingiza baraka. Fundi wetu huyatazama maandishi yale kama pambo, akapima mlango kwa inchi zake, na hajui kama amempa mteja wake utajiri au msiba. Huko kwenyewe, pamoja na sheria zote za mwaka 1929 na zilizofuata, kijiti kile hakikunyooshwa ili kiwe nusu ya mita wala theluthi yake. Kilichohusu kodi na soko kililainishwa. Kilichohusu bahati hakikuguswa.

Na sisi je, tulikuwa na nini cha kunyosha? Tulikuwa nacho. Pwani ilikuwa na mpango mzima, wenye majina na uwiano wake: wanda, ambao ni upana wa kidole, futuri, kutoka dole gumba hadi kidole cha shahada vikiwa vimetanuliwa, shibiri, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, shibiri mbili ni mkono, ambao wenye kupenda Kiarabu waliuita dhiraa, mikono miwili ni wari, na wari mbili ni pima, urefu wa mtu aliyeinyosha mikono yake yote miwili. Mabaharia walipima vina kwa pima. Merikani na bafta zilipimwa kwa mkono, mikono minne ikawa shuka na mikono minane ikawa doti, na misafara ikazichukua hesabu hizo bara. Kulikuwa na ugomvi ndani yake, bila ya shaka, maana kulikuwa na dhiraa kamili, ya kuishia ncha ya kidole, na dhiraa konde, ya kuishia ngumi, na muuza nguo hakosi kujua ni ipi ya kununulia na ni ipi ya kuuzia. Hata hivyo chi za Wachina zilikuwa na ugomvi mkubwa zaidi, na hilo halikuwazuia.

Watu wa Thailand, nchi iliyoitwa Siam zama hizo, walikuwa na mpango unaofanana na wetu kiasi cha kumshangaza mtu: sok yao ni mkono, kutoka kisugudi hadi ncha ya vidole, khuep yao ni shibiri, na wah yao ni pima, sok nne. Mwaka 1923 waliamua kwa sheria kwamba wah ni mita mbili kamili. Kwa hiyo sok ikawa nusu mita, na khuep robo mita. Mpaka leo ardhi ya Bangkok huuzwa kwa wah za mraba, na kila wah ya mraba ni mita nne za mraba, pasipo mabaki, pasipo neno la kukadiria.

Jambo hilo lingeweza kufanywa Mombasa au Nairobi. Mkono wa biashara ulikuwa karibu sentimita 46, na kuufikisha hamsini ni mvuto mkubwa kuliko ule wa chi. Ila si wa kuvunja mfupa. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja nao kwa kuwa ilikuwa na yadi yake, na serikali ya uhuru ilipokuja kuiingiza mita ilikuta mkono umekwisha kusukumwa hadi katika vibanda vya washona nguo, yadi imekalia kiti chake, na futi imetia mizizi mashambani. Ikapigana na yadi na maili ikazishinda, ikaiacha futi. Sidhani kwamba kuna wa kulaumiwa hasa. Waliopanga mambo yale walikuwa na shule na hospitali za kufikiria.

Lakini hebu tuipige hesabu, maadam karatasi ipo. Chukua mkono wa nusu mita, urudi nao kwa dalali yule juu ya udongo mwekundu. Kiwanja chake, kile cha hamsini kwa mia, kingekuwa mikono thelathini kwa mikono sitini. Hiyo ni mita 15 kwa mita 30, mita za mraba 450, hekta 0.045: namba ile ile ambayo ofisi ya ardhi imekuwa ikiiandika katika hati muda wote huu. Mpima ardhi asingezungusha chochote, na mnunuzi angeweza kutembea na kijiti cha nusu mita kandokando ya waya na kuihakiki hati yake mwenyewe kabla jua halijapanda. Dalali, kwa upande wake, nadhani angeendelea kusema hamsini kwa mia, kwa kuwa mia huuzika kuliko sitini.